Maisha ya Daktari David Livingstone, na Jinsi Alivyowajibu Waliompinga



Siku hizi vijana wetu wanarudi kutoka shuleni na kutoka kwenye mihadhara ya dini wakiwa na maswali mengi. Mmoja ameulizwa kwa nini anafuata dini iliyoletwa na wazungu. Mwingine ameambiwa kwamba mtu aliyesoma sayansi hawezi tena kuiamini Biblia. Na wapo wazee wetu, hasa wale waliokimbia kutoka Rumonge na Nyanza-Lac, ambao wana swali zito kuliko hayo yote: Mungu alikuwa wapi mwaka 1972? Vijana wananiomba niwape majibu makali ya kuwafunga watu midomo. Mimi nimeona heri kwanza niwasimulie maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake mnalijua. Huyu aliulizwa maswali kama hayo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na alipita kwa mtumbwi katika ziwa letu, mbele ya Rumonge.

Kila mtoto wa Burundi aliyefika shule amesikia habari ya jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wengi wetu tulikua tukidhani kwamba pale ndipo wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, ng'ambo ya mpaka, Kigoma. Mugere walifika pamoja baadaye, na tutaona walikuwa wanatafuta nini.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Baba, mama na watoto waliishi wote katika chumba kimoja cha jengo la kiwanda cha nyuzi za pamba. Nafikiri familia nyingi za hapa makazini zinaelewa maisha ya namna hiyo bila kuelezwa zaidi. Alipofika miaka 10 alipelekwa kufanya kazi kiwandani, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunza Kilatini. Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku, na mchana aliweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake.

Mtu wa kwanza aliyempinga hakuwa mpagani wala Mwislamu, alikuwa baba yake mwenyewe. Mzee Neil Livingstone alikuwa Mkristo wa kweli, mtu wa maombi, lakini aliogopa vitabu vya sayansi akidhani vinaua imani. Alitaka mtoto wake asome vitabu vya dini tu. David akakataa, mpaka akachapwa fimbo kwa sababu hiyo. Kwa miaka kadhaa kijana huyu alibaki katikati: alipenda elimu ya mimea, mawe na nyota, na alimwogopa Mungu, lakini aliambiwa kwamba hivyo viwili havikai nyumba moja. Kisha akapata kitabu cha Thomas Dick, Mskoti aliyependa elimu ya nyota na kumpenda Mungu vilevile, kilichoonyesha kwamba sayansi na imani havina ugomvi. Hapo ndipo moyo wake ulipotulia, na karibu na wakati huo akampokea Kristo kwa kweli.

Wazazi, mlione hili. Fimbo haikumjibu mtoto yule. Alijibiwa na mtu aliyekuwa amepita njia hiyo hiyo ya maswali kabla yake.

Baada ya hapo alisoma uganga na theolojia mjini Glasgow, akapokelewa na Jumuiya ya Wamisionari ya London. Alitaka kwenda China, lakini vita vilivyoanza huko mwaka 1839 vikamzuia. Akaisikia habari ya Afrika kutoka kwa mmisionari Robert Moffat, akabadili nia. Mwaka 1840 alipata cheti cha udaktari, na mwezi Desemba mwaka huo akapanda meli. Mwaka 1841 alifika Kuruman, kituo cha Moffat huko Afrika Kusini. Mwaka 1844 simba alimrarua na kuuvunja mkono wake wa kushoto, na mwaka uliofuata akamwoa Mary, binti wa Moffat. Mambo hayo yanasimuliwa sana, mimi sitakawia hapo.

Ninataka tukae zaidi mahali panapoitwa Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana, kati ya Bakwena. Chifu wao aliitwa Sechele. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi. Alijifunza alfabeti kwa muda mfupi kabisa, akaanza kusoma Biblia kwa lugha yake, na kitabu cha Isaya kikampendeza kuliko vyote.

Siku ya kwanza Livingstone alipohubiri mbele yake, Sechele alisema kwamba desturi ya watu wake ni kwamba mtu akileta jambo jipya, wenyeji wana haki ya kumwuliza. Akauliza kama mababu wa Livingstone walijua habari hii ya hukumu ya Mungu. Livingstone akakiri kwamba walijua. Basi chifu akauliza kwa nini hawakutuma mtu kuwaambia mababu zake, ambao wote walikufa bila kusikia neno.

Ndugu zangu, mimi nimesoma chuo cha Biblia, na swali hilo bado linanifanya ninyamaze kidogo kabla ya kufungua kinywa. Livingstone naye hakujifanya ana jibu la kulimaliza. Alieleza ugumu wa safari na bahari, akasema anaamini kwamba Injili itafika kila mahali. Sechele akanyoosha mkono kuelekea jangwa la Kalahari, akamwambia kwamba hata hivyo hataweza kuvuka pale kuwafikia watu wa ng'ambo, maana hata wenyeji hushindwa, isipokuwa mwaka wa mvua nyingi wakati matikiti ya porini yanapojaa. Livingstone hakubishana. Mwaka 1849 alilivuka jangwa hilo, akafika ziwa Ngami. Swali la mababu alishindwa kulijibu kwa maneno, lakini kwa watu waliokuwa hai wakati huo alijibu kwa miguu yake.

Kisha Sechele akataka kumsaidia. Aliona Livingstone anahubiri na watu hawaamini. Akamwambia kwamba watu wake hawafanyi jambo mpaka wapigwe, na kama anataka, yeye atawaita wazee wote, na kwa viboko vya ngozi ya kifaru watawafanya waamini haraka sana. Livingstone alishtuka. Hakukubali hata kidogo. Tukumbuke hili tunapoambiwa kwamba dini ya Kristo iliingia Afrika kwa nguvu. Ziko sehemu iliingia pamoja na bunduki za serikali, na si haki kuficha hilo. Lakini hapa alikuwako mmisionari aliyepewa viboko mkononi na mwenye nchi, akavikataa.

Tarehe 1 Oktoba 1848 Sechele alibatizwa. Kabla ya hapo aliwarudisha kwao wake zake wanne, akabaki na mmoja. Siku ya ubatizo wazee walilia machozi wakidhani chifu wao amerogwa na mzungu. Na mbaya zaidi, katika miaka hiyo hiyo mvua ilikataa kunyesha. Mtakumbuka kwamba Sechele mwenyewe alikuwa mfanya mvua, kama wale ambao wazee wetu wa Burundi waliwaita abavurati. Alipobatizwa aliacha kazi hiyo. Basi watu wakaunganisha mambo mawili: chifu ameacha dawa, na mbingu zimefungwa. Nani wa kulaumiwa? Ni yule mwenye Kitabu.

Wakamjia Livingstone kwa adabu. Walimwomba amruhusu Sechele alete mvua kidogo tu, mara moja, kwa kuwa mahindi yanakufa na watu watatawanyika. Waliahidi kwamba akikubali, wote watakuja shuleni, wanaume, wanawake na watoto, waimbe na kuomba kadiri apendavyo. Mjomba wa Sechele alimweleza kwamba wanampenda kama mtu aliyezaliwa kwao, lakini wanatamani aache kuhubiri kusikokwisha, maana makabila ya jirani yasiyoomba yanapata mvua, na wao wanaoomba hawapati.

Mnaona lilivyo jaribu. Kanisa lijae kwa siku moja, kwa gharama ya kufumba macho kidogo. Livingstone alikataa, na alijua kwamba mbele yao alionekana mtu asiye na huruma. Lakini hakuishia kukataa. Alikuwa amewashauri wahamie penye mto wa kudumu, wachimbe mfereji wa kumwagilia mashamba. Walihamia Kolobeng kwa sababu hiyo, wakachimba mfereji pamoja naye.

Hapo ndipo alipokuwa akizungumza na mganga wa mvua. Mazungumzo yao aliyaandika katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa London mwaka 1857, na kwangu mimi hizo ndizo kurasa bora za kitabu kizima. Nawaeleza kwa maneno yangu. Livingstone alimwambia mganga kwamba mvua ni ya Mungu peke yake. Mganga akakubali, ila akasema yeye humwomba Mungu kwa njia ya dawa, na Mungu akisikia, mvua ni yake. Livingstone akasema kwamba yeye husubiri mawingu yaje, kisha anafukiza dawa na kujitwalia sifa ya Mungu. Mganga akamgeuzia kibao. Alimkumbusha kwamba wao wawili ni waganga, na waganga si wadanganyifu. Wewe, alisema, unampa mgonjwa dawa; mara Mungu anamponya, mara anakufa. Akipona unachukua sifa. Akifa, je, unaacha kuiamini dawa yako? Basi na mimi ni vivyo hivyo.

Livingstone akajibu kwamba yeye anampa dawa mtu aliye karibu naye, anaona inavyofanya kazi, bali mawingu yako mbali na moshi unakwenda upande mwingine. Akamshauri ajaribu kusubiri tu, bila dawa, amwachie Mungu. Mganga alishangaa. Alisema siku zote alidhani wazungu wana hekima, mpaka asubuhi ile. Ni nani huyu anayefanya jaribio la kufa njaa, kana kwamba kifo ni kitamu? Mwisho Livingstone alipomwambia kwamba anawadanganya watu na kujidanganya mwenyewe, mganga akajibu kwamba basi wako wawili.

Na hapo ndipo yanapoishia. Livingstone alimwachia mganga neno la mwisho, katika kitabu chake mwenyewe, ambacho mganga yule asingekisoma kamwe. Angeweza kumwandikia maneno ya kijinga, nani angejua? Hata leo wako wasomaji wanaoona kwamba mganga ndiye aliyeshinda. Livingstone mwenyewe alikiri kwamba kwa hoja zake hakumshawishi hata mtu mmoja aiache dawa ya mvua.

Sisi wahubiri mara nyingi tunafanya kinyume. Tunamtunga mpinzani wetu mjinga, tunampiga mbele ya watu wetu, wanasema haleluya. Kisha kijana anatoka nje, anakutana na mpinzani wa kweli mwenye akili, na anaona kwamba mchungaji hakumwambia kweli. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anataka jibu letu liende pamoja na upole na heshima. Heshima ya kwanza, naona mimi, ni kumsikiliza mtu mpaka uweze kueleza hoja yake kama yeye mwenyewe angeieleza.

Miezi michache baada ya ubatizo ikajulikana kwamba mmoja wa wale wake walioachwa ana mimba ya Sechele. Livingstone alihuzunika sana, akamzuia asishiriki Meza ya Bwana. Baadaye akaondoka katika nchi hiyo, akijiona kama mtu aliyefanya kazi bure. Mwaka 1852 Makaburu waliwashambulia Bakwena, na nyumba yake ya Kolobeng ikaporwa, vitabu vikachanwa.

Alisafiri sana baada ya hapo. Alifika Luanda mwaka 1854, akayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, akatokea Quelimane katika pwani ya Msumbiji mwaka 1856. Uingereza walimpokea kama shujaa. Alirudi na msafara mkubwa wa mto Zambezi kuanzia 1858 hadi 1864, na huo haukwenda vizuri. Aligombana na wenzake, na mke wake Mary alikufa kwa homa huko Shupanga mwaka 1862. Watoto wake walikua karibu bila baba. Lazima niseme pia kwamba alifundisha kuwa biashara na Ukristo vitakwenda pamoja kuiponya Afrika, na wale waliokuja nyuma yake walishika biashara zaidi. Kijana anayesema kwamba ramani za wamisionari ziliwasaidia wakoloni hasemi uongo. Msimkemee. Mwambieni ni kweli, kisha endeleeni na mazungumzo.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha mto Nile na kuchunguza biashara ya watumwa. Safari hii ndiyo iliyomleta kwetu. Mwanzoni mwa 1869 alishikwa na ugonjwa mkali wa mapafu, hawezi kutembea. Aliyemwokoa alikuwa Muhammad Bogharib, Mwarabu Mwislamu mfanyabiashara ya pembe na watumwa. Bogharib alimtibu, akaagiza abebwe kwenye machela, na tarehe 14 Machi 1869 wakafika Ujiji.

Fikirini hali yake. Anaichukia biashara ya watumwa kuliko jambo lolote duniani, na wanaomlisha na kumwuguza ni watu wa biashara hiyo hiyo. Alikubali wema wao na kuwashukuru. Biblia yake aliisoma wazi, na huko Manyema, alipokwama kwa vidonda vya miguu, aliisoma yote mara nne. Lakini wema wao haukumfunga mdomo. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara walifyatua risasi katikati ya wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa maji. Livingstone aliona kwa macho yake. Hakuwa na karatasi, akaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa matunda. Mwaka 2011 wataalamu waliweza kuyasoma tena maandishi hayo yaliyofifia, na yameleta maswali hata juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe. Habari aliyoipeleka kwa serikali yake iliamsha watu Uingereza, na mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar.

Baada ya Nyangwe hakuweza tena kukaa na wale wafanyabiashara, akarudi Ujiji. Alifika tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda kama mfupa, akitumaini kukuta vitu vyake. Alikuta aliyekabidhiwa vitu hivyo, mtu aitwaye Sherif, ameviuza vyote, akisema amepiga ramli kwa Kurani na kuona kwamba mzungu amekufa. Mtu mwingine angeondoka pale akiwatukana Waislamu wote. Lakini Mwislamu mwingine wa Ujiji, Syed bin Majid, alimjia faraghani, akamwambia kwamba hana bidhaa ila ana pembe za ndovu, akamwomba amruhusu auze baadhi yake ampe thamani yake. Livingstone aliyaandika mambo yote mawili, la Sherif na la Syed bin Majid. Hakuacha moja ili lingine lionekane kubwa.

Siku chache baadaye Stanley akafika akiwa na chakula, dawa na barua. Wakaamua kwenda kaskazini ya ziwa kutazama mto Ruzizi. Walitaka kujua kama unaingia ziwani au unatoka. Ukitoka, basi Tanganyika ingeweza kuwa sehemu ya Nile, na Livingstone angefurahi. Mtumbwi mkubwa waliazimwa na Syed bin Majid huyo huyo.

Wakapita Kigoma, wakaingia pwani ya Urundi. Katika vijiji vya Bikari, sehemu za Rumonge, watu waliwaita washuke walipe hongo. Walipokataa, watu wakaanza kuwarushia mawe. Jiwe moja lilipita karibu sana na mkono wa Stanley. Stanley akapendekeza wapige risasi moja karibu na miguu ya wale watu, wajue nguvu zao. Livingstone hakusema neno. Ila Stanley mwenyewe aliandika kwamba uso wa mzee yule ulionyesha wazi kwamba hakupendezwa. Risasi haikupigwa, wakaendelea kupiga makasia.

Mimi nalipenda jambo hili kuliko jiwe la Mugere. Watu wa Bikari walikuwa na haki ya kushuku. Walikuwa wamewaona wageni wenye bunduki kabla ya hapo, nao wageni hao hawakuleta heri. Livingstone hakuwajua, hakujua lugha yao, hakuwahubiria hata neno moja. Lakini hakukubali kuwajibu kwa risasi.

Tarehe 25 Novemba walifika Mugere, kwa chifu Mukamba, wakapokelewa vizuri. Stanley aliugua homa, na Livingstone akamwuguza kama mtoto wake. Kisha wakaenda mpaka mdomo wa Ruzizi, wakaona maji yanaingia ziwani, hayatoki. Matumaini ya Livingstone yalianguka pale, naye alikubali alichokiona. Alibaki na kosa lingine, la kudhani Lualaba ni Nile; baada ya kifo chake ilijulikana kwamba ni mto Kongo.

Waliachana karibu na Tabora mwezi Machi 1872. Stanley alimwomba arudi kwao, akakataa. Alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mapema mwezi Mei 1873. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyekombolewa utumwani, akasoma ibada. Kisha wakaubeba mwili kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Mwaka 1879 mapadre wa White Fathers walifika Rumonge. Tarehe 4 Mei 1881 watatu wao, Deniaud, Augier na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa hapo na watu wa Bikari, baada ya ugomvi juu ya mtoto. Ile pwani tunayoililia ilikuwa na damu zamani, kabla hata ya baba zetu kuzaliwa. Kwa wazee wanaouliza juu ya 1972, mimi sina jibu fupi, na sitawapa la kubuni. Nyumba yangu iko wazi jioni yoyote tukae tuzungumze, na jirani asiyeamini anakaribishwa pia.

Imebaki habari ya Sechele. Livingstone alipoondoka alimhesabu kama mtu aliyeanguka. Lakini chifu yule hakuacha kusoma. Aliendelea kuwafundisha watu wake kusoma Biblia, akaongoza maombi, akahubiri miaka kwa miaka, mara nyingi bila mmisionari yeyote karibu. Mambo mengine ya mila hakuyaacha, hata ya mvua, na wamisionari waliofuata walibishana naye sana. Aliishi miaka 19 baada ya Livingstone kufa. Alipofariki mwaka 1892, kati ya Bakwena kulikuwa na kanisa.

Mchungaji wenu